Traki ya Nne

Sauti iliyonifanya nipende mkanda wa kaseti ni ya bibi yangu mzaa mama, akisimulia jikoni kwake Tukuyu huku mvua ikipiga bati. Mjomba ndiye aliyemrekodi. Alitumia redio kaseti ya spika moja, ile ya kubeba mkononi, akaiweka juu ya kigoda karibu na mafiga. Ukisikiliza unasikia kuni zinapasuka, kuku anapita, mtoto anakohoa, na bibi anazungumza Kinyakyusa taratibu kama mtu ambaye hana mahali pa kwenda siku hiyo. Karibu na mwisho anaimba wimbo wa kupalilia. Katikati ya ubeti anajikatisha mwenyewe kwa sababu chungu kinafurika, anaenda kukifunua, anarudi na kuendelea pale pale alipoachia. Anamalizia kwa kusema "Ndaga fijo," yaani asante sana, kisha kinasikika kitufe cha redio kikirudi juu, tap.

Nimeisikiliza kaseti hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipokuja kuwa na chumba changu cha kurekodia, nyuma ya duka langu la steshenari hapa Kabwe, jijini Mbeya, ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta bila kujua. Kompyuta ilinipa sauti safi. Kwaya zilikuja, vijana wa rapu walikuja, kila mtu akaondoka na kazi yake imenyooka. Lakini mimi nikibaki peke yangu usiku nilikuwa nasikia kitu kimepungua. Nikajaribu zile programu zinazoongeza mvumo wa kaseti na mikwaruzo ya santuri, maana siku hizi vijana wengi wanataka lo-fai, yaani muziki wenye sauti ya rekodi za zamani. Ile kelele ilikaa juu ya muziki kama vumbi lililomwagwa juu ya meza mpya. Haikuwa imeingia ndani ya kitu chochote.

Ndipo nikaamua kutafuta mashine yenyewe.

Nieleze kidogo nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu wengi wakisikia kaseti wanawaza redio ya nyumbani tu. Kaseti hii tunayoijua ililetwa na Philips mwaka 1963. Utepe wake una upana wa milimita 3.81, chini kidogo ya nusu sentimita, na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ikatoa chombo kilichoitwa Portastudio 144. Kilikuwa na mikisa ndogo ya kuchanganya sauti na deki ya kaseti ndani ya sanduku moja, na kiliweza kurekodi traki nne, yaani njia nne za sauti zinazojitegemea, juu ya utepe ule ule mwembamba. Ungerekodi gitaa leo, kesho ukarudi na kuongeza sauti, keshokutwa ngoma, kila kimoja mahali pake. Kabla ya hapo, mtu asiye na studio hakuwa na namna rahisi ya kufanya hivyo. Hapa kwetu bendi zilienda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wote wanapiga kwa pamoja, mkanda unazunguka, ukikosea mnaanza upya.

Binamu yangu anayefanya biashara Kariakoo ndiye aliyenipatia mjukuu wa mashine hiyo, Tascam 424, kwa shilingi laki moja na themanini. Ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye kanga mbili na boksi la mafuta ya kupikia. Mikisa ya pembeni niliipata mapema zaidi: ya chaneli sita, imekaa miaka kwenye stoo ya kanisa moja baada ya wao kununua mpya. Niliwapa elfu sitini. Chaneli mbili zilikuwa zimekufa na hadi leo sijazigusa, kwa sababu nne zinanitosha.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo mashine ilipofika, na lilikuwa langu mwenyewe. Nilichomeka adapta iliyokuja nayo ukutani. Taa nyekundu iliwaka sana kwa muda wa kupepesa macho, ikazima, kukatokea harufu ya plastiki inayoungua. Nilikaa chini sakafuni. Kesho yake asubuhi niliipeleka kwa fundi redio wa Mwanjelwa, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwavuli karibu na wauza vyombo. Aliipindua adapta, akavaa miwani, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Dada, hapa ulisoma?"

Kulikuwa kumeandikwa 100V. Japani umeme wa nyumbani ni voti 100, wa kwetu ni 230. Vifaa vingi vya mitumba vinavyotoka kule vimetengenezwa kwa umeme wao, na ukivichomeka moja kwa moja unavichoma. Bahati yangu kilichoungua kilikuwa adapta peke yake. Fundi alinitengenezea nyingine. Kabla ya kuiunganisha alinifanya nisome kwa sauti kilichoandikwa mgongoni mwa mashine: voti ngapi, ampea ngapi, na ncha ya katikati ni chanya au hasi. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote kabla sijakigeuza nyuma. Kikiwa cha voti 100 natafuta kwanza transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma naihesabu ndani ya bei ya kifaa.

Mashine ilipowaka, haikuimba. Ilikuwa inayumba, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa nyuma ya lori kwenye barabara mbovu. Fundi alifungua akatoa beliti ya mpira iliyokuwa imelegea na kuanza kunata kama ulimbo. Beliti huzeeka hata mashine ikikaa bila kutumika, huo ndio umri wa mpira. Aliyonibadilishia aliichukua kwenye deki nyingine iliyokufa baada ya kuzipima mbili hizo kwa uzi. Akanifundisha na usafi, na hapo alichukua muda mrefu kuliko kwenye ukarabati wenyewe. Unachukua pamba kwenye kijiti, unalowesha spiriti kidogo, unafuta hedi, yaani kile kipande cha chuma kinachogusa utepe. Kisha unafuta ule mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe. Pamba ilitoka na rangi ya ugoro. Hiyo ni unga wa chuma uliobanduka kwenye kaseti za watu miaka na miaka. Akaniambia nibadilishe pamba mpaka itoke nyeupe. Nilibadilisha mara kumi na moja. Gurudumu dogo la mpira tulilifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu, maana alisema spiriti ikizoea mpira huukausha na kuupasua.

Nikarudisha kaseti ile ile niliyoijaribu mwanzo. Matoazi ambayo hayakuwepo yakatokea.

Hapa ndipo nilipoachana na fikra moja ambayo wengi wetu tunayo, kwamba lo-fai ni mashine mbovu. Sikubaliani nayo kabisa. Hedi chafu haikupi joto wala utamu, inakunyima tu muziki. Mkanda una tabia zake hata ukiwa mzima: unalainisha kidogo ncha za sauti kali, unabana ngoma ukiipiga kwa nguvu, una "shiii" yake ya chini isiyokoma. Hizo ni tabia za kitu kilicho hai na zinatosha. Uchafu unaoongeza juu yake ni wako wewe. Wale jamaa waliorekodi kaseti za zamani tunazozipenda walikuwa wanahangaika kupata sauti safi kadiri walivyoweza, na nadhani juhudi hiyo ndiyo tunayoisikia na kuipenda.

Kiwango cha sauti cha kurekodia nacho nilijifunza kwa masikio. Kwenye kompyuta ukipita mstari mwekundu sauti inapasuka vibaya, kwa hiyo nilizoea kurekodi chini chini. Nikafanya hivyo kwenye mkanda, nikapata gitaa linaloogelea ndani ya shiii. Ile kelele ya mkanda haiongezeki wala haipungui, iko pale pale. Unachoweza ni kuinua muziki juu yake. Sasa hivi ngoma naiacha iguse nyekundu na hata kupita kidogo, na inapopita hapo ndipo inapopata ule unene. Sauti ya mtu siipeleki mbali hivyo, hasa mwimbaji mwenye "s" kali. Mikisa ya kanisani inasaidia sana hapa: naongeza treble kidogo kabla sauti haijafika kwenye mkanda, kwa sababu najua mkanda utakula sehemu yake.

Mashine ilikuwa pia na mvumo mzito wa umeme, mmm usiokatika. Niliisumbukia wiki nzima. Ikaja kujulikana kwamba soketi ya duka haikuwa na waya wa athi uliofika ardhini. Fundi umeme akachimba, akazika fimbo ya shaba, mvumo ukapungua hadi ukawa wa kuvumilika. Nobu zilizokuwa zikikwaruza zilitaka dawa ya kupuliza na kuzungushwa mara nyingi, basi.

Na baridi. Hii huwezi kuisoma kwenye kitabu cha maelekezo. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na mashine iliyolala ndani ya chumba hicho ikiamka asubuhi inakuwa nzito. Grisi imeganda, mpira umekakamaa, dakika za mwanzo mwendo hauaminiki. Naiwasha nusu saa kabla ya mtu kufika, naweka kaseti isiyo na maana izunguke hadi mwisho. Masika nayo yana kazi yake: mvua ikianza juu ya bati tunafunga maiki na kunywa chai.

Kwa anayetaka kuanza bila kutafuta Portastudio, namwambia ukweli kwamba si lazima. Deki ya kawaida ya nyumbani yenye tundu za kuingizia sauti inatosha kabisa kuionja ladha. Tengeneza muziki wako kwenye kompyuta, upitishe kwenye deki, uurekodi juu ya kaseti, kisha uurudishe. Deki za namna hiyo ziko Mwanjelwa na Soko Matola. Nenda na kaseti yako mfukoni, uisikilize hapo hapo, ubonyeze kila kitufe. Ikila mkanda, irudishe mezani.

Kaseti zenyewe ndizo zilizonipa tabu, na ndizo zilizonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza hasa.

Mashine kama yangu, ukitaka sauti yake nzuri, inatembeza utepe kwa mwendo maradufu, sentimita 9.5 kwa sekunde. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60, ambayo upande mmoja una dakika 30, inakupa dakika 15 tu. Ya dakika 90 ni ndefu zaidi lakini utepe wake ni mwembamba, na ya 120 ni mwembamba zaidi na huliwa kwa urahisi. Tena ilitengenezwa kwa kaseti za aina ya pili, zile za kromu, zilizoandikwa CrO2 au Type II na zenye matundu ya ziada mgongoni. Kaseti tulizokuwa nazo huku miaka yote ni za aina ya kwanza, za unga wa chuma wa kawaida. Ukizitumia inakubali, ila sauti inakuwa butu, kama imefunikwa blanketi. Wakati mwingine naitaka hiyo. Kwa kazi niliyokuwa naipanga sikuitaka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja wa Iyunga, mpiga gitaa. Alikuwa amefanya kazi kwenye reli ya TAZARA ujanani, akijifunza gitaa kwa wenzake Wazambia huko njiani kuelekea Kapiri Mposhi. Alikuwa na wimbo ambao hakuna aliyewahi kuurekodi. Nilitafuta kaseti ya kromu mji mzima sikupata. Kisha nikakumbuka kwamba kaseti ya bibi imeandikwa CrO2. Mjomba aliipata kutoka Zambia, akairekodi kwenye redio yake bila kujali imeandikwa nini.

Bibi alikuwa upande B. Upande A kulikuwa na mahubiri yaliyonaswa redioni, nusu yake mawimbi yamepotea. Nilijiambia hivi: upande A na upande B haviingiliani, hilo kila mtu aliyekua na kaseti analijua. Na kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni, cha kulinda upande wa bibi, mjomba alishakivunja zamani, kwa hiyo hauwezi kurekodiwa juu yake hata kwa bahati mbaya. Niligeuza kaseti mara mbili kuhakikisha. Kipande cha A kipo, cha B kimevunjwa. Nikaridhika.

Mzee alikuja jioni na mjukuu wake aliyembebea gitaa. Nilimwamkia, akakaa, akaitazama mashine kwa muda.

"Hii ndiyo ile ya mkanda?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Basi haitaki mchezo," akasema, akaanza kutuni.

Maiki moja nilielekeza kwenye gitaa, ya pili mdomoni kwake. Traki ya kwanza na ya pili. Aliurudia wimbo mara tatu. Mara ya tatu nilijua kabla hajamaliza, kwa sababu alisahau kwamba mimi nipo. Kisha mjukuu akapiga ngoma kwenye traki ya tatu, akisikiliza babu yake kwa hedifoni, akikosea kidogo mwanzoni na kuingia vizuri baadaye. Dakika nne na ushee. Nilifurahi mno. Nikaona traki ya nne iko wazi, nikamwambia mzee tuongeze kinanda chepesi, au sauti ya pili, tuijaze.

Mzee akatikisa kichwa. "Inatosha, binti yangu. Wimbo wenyewe ni wa watu wawili."

Nilibishana naye kidogo. Nilikuwa na kinanda tayari, kimeshachomekwa. Lakini alikuwa ameshaanza kulifunika gitaa kwa kitambaa chake, na mkubwa akishasema unaacha.

Siku mbili baadaye, usiku, duka limefungwa, nilikaa kuchanganya. Nikapandisha feda ya kwanza, kile kitelezi cha kuongeza sauti ya traki: gitaa. Ya pili, sauti. Ya tatu, ngoma. Kwa mazoea ya kompyuta, mkono ukaenda mpaka feda ya nne na kuipandisha nayo.

Nikasikia kitu kama ndege. Kijembamba, cha haraka, kinapanda mwishoni mwa kila pumzi badala ya kushuka. Nikasimamisha mkanda. Nikaurudisha. Nikazima traki nyingine tatu nikaacha ile peke yake, na kile kitu kikaendelea, kikavuta hewa kwa ndani, kikakata. Nilijua ni mtu kabla sijajua ni nani. Kisha nikamjua, mikono ikapoteza nguvu.

Kaseti ya kawaida inagawa utepe katika njia nne: mbili za upande A, kushoto na kulia, na mbili za upande B. Ukigeuza kaseti, redio inasoma zile mbili nyingine kwa kuelekea upande wa pili. Mashine ya traki nne haigeuzi. Inazichukua njia zote nne kwa mara moja, kwa mwelekeo mmoja. Traki yake ya kwanza na ya pili ni upande A. Traki ya tatu na ya nne ni upande B, ukisomwa kinyumenyume. Kipande cha plastiki kilichovunjwa kinalinda upande B pale tu kaseti inapoingizwa upande huo ukiangalia mbele. Nilipoingiza upande A, mashine ilikuta kipande cha A kipo, ikakubali kurekodi popote nitakapoiambia. Niliiambia traki ya tatu. Na kwa kuwa mwendo ulikuwa maradufu, dakika nne za mzee zilipita juu ya dakika nane na zaidi za bibi. Mwanzo wa A ni mwisho wa B. Zilikuwa dakika zake za mwisho, zile za wimbo.

Sikulala. Asubuhi nilifika Mwanjelwa kabla fundi hajafungua mwavuli. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliniambia nikae kwanza, akauliza swali moja.

"Redio aliyotumia mjomba wako ilikuwa na spika ngapi?"

"Moja."

"Na ulirekodi traki ya tatu. Ya nne je?"

"Ya nne sikuigusa."

Akavuta pumzi. Redio ya spika moja, akaniambia, hedi yake ni pana, haitenganishi kushoto na kulia. Inaandika sauti ile ile moja juu ya njia zote mbili za upande ule. Kwa hiyo bibi alikuwa ameandikwa kwenye upana wote, mimi nimefuta nusu moja. Nusu ya pili ni ile ya ukingoni, kushoto kwa upande B.

Tuliiweka kwenye deki yake ya stereo, upande B mbele, nikavaa hedifoni. Tukaenda hadi mwishoni. Sikio la kulia lilikuwa na ngoma ya yule kijana, polepole, ikirudi nyuma, kila pigo likianza kwa mvumo na kuishia kwa mgongano. Sikio la kushoto lilikuwa na bibi.

Alikuwa mbali na mwenye ukungu, na ukungu wenyewe ulikuwepo kweli: kaseti za Tukuyu hupata unyevu, na ukingo wa utepe ndiko utando mweupe huanzia. Mahali fulani sauti ilizama na kurudi. Fundi hakuridhika. Alichukua bisibisi ndogo ya saa, akaigusa ile skrubu ya pembeni mwa hedi inayoinamisha hedi upande huu au ule, akaniambia nimwambie sauti inapofunguka. Akazungusha kidogo. Bibi akazama zaidi. Akarudisha, akapita alipoanzia kwa upana wa unywele, na pale pale kuni zikaanza kupasuka sikioni mwangu, moja moja, kavu. Redio ya mjomba hedi yake ilikuwa imekaa mshazari, kwa hiyo deki inayoisoma lazima nayo ikae mshazari ule ule.

"Hapo, fundi. Hapo hapo usiguse."

Hakugusa. Alishika bisibisi hewani mpaka wimbo ukaisha na kitufe kikasikika, tap. Mara ya pili ikapita huku waya wa upande wa kushoto umeunganishwa na laptopu yangu, upande B wote toka mwanzo. Nilihifadhi nakala tatu, moja kwa mama, moja kwa mjomba, moja kwangu. Skrubu akairudisha ilivyokuwa baada ya hapo, akaweka alama kwa rangi ya kucha.

Kazi ya mzee nilimkabidhi wiki iliyofuata, traki tatu kama alivyotaka, ikiwa na shiii yake. Aliisikiliza mara moja tu, macho amefumba, akaomba kaseti badala ya simu. Nikamdabia. Sasa hivi kaseti yoyote ya zamani inayoingia chumbani kwangu naisikiliza pande zote mbili hadi mwisho na kuihamishia kwenye kompyuta kabla haijakaribia mashine, na zile za kurekodia nazinunua mpya, naziagiza kutoka Dar, hata zikinichukua mwezi kufika.

Mama nilimwonyesha siku ya Jumapili. Sikumficha kitu, nilimweleza nilichofanya toka mwanzo, na alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Kisha akanyosha mkono apewe hedifoni. Nilimweleza asikilize kwa sikio la kushoto. Alisikiliza akiangalia dirishani, midomo ikifuata maneno ya wimbo. Pale bibi alipojikatisha aende kufunua chungu, mama akatabasamu bila kugeuka.

"Hicho chungu ninacho," akasema. "Kile cha Matema. Ndicho tulichopikia maharage juzi."